Uzi: Makaa ya mawe na maganda ya kahawa kwenye boila moja. Kabla ya moshi, tuulize majivu yanaenda wapi

FundiMvuke (Jinja), mleta uzi

Salaam ndugu zangu.

Kwenye vyumba vya boila, yaani mitambo ya kuchemsha maji yawe mvuke wa kiwandani, siku hizi maneno ni yale yale. Kuni zimepanda bei, mafuta mazito hayashikiki, makaa ya mawe yanasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mombasa, na huku vinu vya kukobolea kahawa vimezungukwa na vilima vya maganda. Basi meneja anasema: changanyeni. Tieni makaa, tieni maganda, mvuke upande, gharama ishuke, na kwenye ripoti tuandike kwamba tunatunza mazingira. Vijana wa zamu wananiuliza kama inafaa. Nimeona niandike kwa urefu hapa ili anayejua zaidi anipinge mbele ya watu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kuchanganya makaa ya mawe na mimea kwenye boila ni kazi inayojulikana duniani na inawezekana kabisa. Lakini kwa Uganda, swali la kwanza liwe majivu: yatafanya nini ndani ya boila, na yatatupwa wapi yakitoka. Moshi na hesabu za kaboni zifuate baadaye.

Kuna jambo wengi hulichanganya. Uganda haina kituo cha umeme cha makaa ya mawe. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji: Nalubaale tangu 1954, Kiira, Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600. Kwa hiyo habari za Ulaya na Asia, za kuchoma mimea pamoja na makaa kwenye mitambo mikubwa ya umeme, hazihamishiki hapa zilivyo. Wao wana makaa tayari na wanayapunguza kwa kuingiza mimea. Sisi tuna mimea tayari na tunaambiwa tuiongezee makaa. Boila zinaweza kufanana, lakini wao wanapanda na sisi tunashuka.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye kituo kikubwa cha umeme makaa husagwa kwanza, yanakuwa unga laini kiasi kwamba asilimia 70 hupita kwenye chekeche la maikroni 75, kisha unga unapulizwa tanurini na kuwaka ukiwa hewani. Njia rahisi ya kuchanganya ni kumwaga mimea juu ya mkanda wa makaa, vyote vipite kinu kimoja. Njia hiyo hufika kikomo mapema, karibu asilimia 5 ya joto lote, kwa sababu kinu cha makaa kinaponda, hakikati. Mti una nyuzi. Ukiupeleka kwenye kinu cha kuponda unalala na kujikunja, kinu kinajaa na makaa yenyewe yanaanza kukosa nafasi. Anayetaka kupita hapo huweka kinu cha pembeni na bomba lake la kupulizia, au hununua peleti, vijiti vidogo vilivyoshindiliwa kwa unga uliokwisha sagwa.

Njia ya pili ni kugeuza mimea kuwa gesi kwenye mtambo wa pembeni na kuichoma gesi hiyo ndani ya boila ya makaa. Mji wa Lahti huko Finland walianza hivyo mwaka 1998. Njia ya tatu ni kujenga boila mbili, moja ya makaa na nyingine ya mimea, zikakutana kwenye mvuke tu. Hii ya tatu ndiyo nitakayoing'ang'ania, na sababu ni majivu.

Makaa ya mawe yana majivu mengi, lakini mengi ya hayo ni udongo uliochomeka: silika na alumina. Huvumilia joto. Majivu ya mimea ni machache kwa kilo, ila yana potasiamu, na mara nyingi klorini pia. Potasiamu hushusha joto ambalo majivu huyeyukia. Chembe zinafika kwenye mabomba zikiwa laini, zinashika, zinapoa, na nyingine zinashika juu yake, mpaka bomba linavaa ukoko kama ule wa ugali chini ya sufuria. Joto halipiti tena kwenda kwenye maji. Moto unawaka vilevile, kuni zinaliwa vilevile, mvuke unapungua. Kwenye boila za mchanga unaochemka, ambako moto huwaka ndani ya kitanda cha mchanga unaorushwa na hewa, potasiamu inafika hadi kwenye mchanga wenyewe: punje zinagandana, kitanda kinakuwa jiwe, na mtambo unazimwa ili watu waingie na nyundo.

Klorini nayo ina ubaya wake. Ikishikana na potasiamu inakaa kwenye mabomba ya supahita, yale yanayozidi kuupasha mvuke moto, na kula chuma polepole, hasa mvuke unapopita nyuzi 480 hivi. Na hapa kuna jambo ambalo wauza makaa wanalijua na wanalisema kweli: salfa ya makaa inasaidia. Inaichukua potasiamu kutoka kwa klorini, klorini inatoka na moshi, na kinachobaki kwenye bomba ni chumvi isiyong'ata chuma sana. Udongo uliomo kwenye majivu ya makaa nao unaikamata potasiamu. Ndiyo maana majani makavu ya ngano, ambayo peke yake ni korofi kuyachoma, yaliweza kuchomwa kwenye kituo cha umeme cha Studstrup nchini Denmark miaka ya 1990 pamoja na makaa, hadi asilimia 20 ya nishati.

Kwa hiyo ndani ya boila makaa ni rafiki wa mimea. Nje ya boila mambo yanageuka.

Potasiamu ile inayosumbua mabomba ndiyo mgomba unaililia. Kahawa inaitoa udongoni, inaikusanya kwenye ganda, ganda linachomwa, potasiamu inabaki kwenye majivu. Majivu ya maganda peke yake unaweza kuyarudisha shambani kwa kipimo. Majivu yaliyochanganyika na ya makaa ya mawe huwezi kuyarudisha kwa moyo mweupe, kwa sababu makaa hubeba arseniki, risasi, kromi na ndugu zao, na vinabaki kwenye majivu. Ukishavichoma kwenye chanja moja, ule wavu wa chuma unaobeba moto, hakuna chekeche la kuvitenganisha. Umechukua mbolea ya watu wa Masaka ukaifanya taka ya kiwandani.

Wadenmark waliliona hili upande wa pili. Kituo cha umeme cha Ensted kilipojengewa boila ya majani makavu mwaka 1998, waliitenga na ya makaa. Boila ya majani ilitoa mvuke wa nyuzi 470 tu ili klorini isile chuma, boila ya vipande vya mbao ikaupandisha hadi 542, ndipo ukaingia kwenye mfumo wa mvuke wa kituo. Majivu ya makaa yakabaki safi ya kuuzwa kwa watu wa saruji, na ya majani yakabaki peke yake. Moto mbali mbali, mvuke pamoja.

Hayo ndiyo yangu. Karibuni.

BibiWaMatoke (Masaka)

Ahsante ssebo kwa kuandika jambo hili bila kutuficha. Mimi sijui boila, najua shamba. Nataka kuwaambia wenzangu kwamba hayo maganda mnayoyaita taka huku kwetu hayajawahi kuwa taka. Tunayatandaza chini ya migomba. Yanazuia magugu, yanashika unyevu kiangazi, yanaoza, udongo unakuwa mweusi. Zamani mwenye kinu alikuwa anakuomba uyachukue. Siku hizi lori linakuja usiku, linabeba yote, na mwenye kinu anatuambia ameshauza.

Sipingi mtu kuuza mali yake. Lakini kahawa kiboko, iliyokauka na ganda lake, tumeipeleka sisi. Tukipeleka gunia, karibu nusu ya uzito wake ni ganda. Nusu hiyo ilikuwa inarudi. Sasa hairudi, na mkungu unapungua mwaka hadi mwaka. Mtu wa kiwanda akisema anatunza mazingira, mazingira ya nani?

FundiMvuke (Jinja)

Mama, umesema lililo zito kuliko yote niliyoandika, na nakuunga mkono bila kupunguza neno.

Niongeze kitu kimoja kwa haki. Ganda lililotandazwa linakupa vitu viwili: madini kama potasiamu, na ule weusi wa udongo unaotokana na kuoza. Majivu yakirudi yanarudisha madini tu. Naitrojeni imeshakwenda na moshi, na weusi umeshakuwa joto. Kwa hiyo hata majivu safi si malipo kamili. Kiwanda chenye nia njema kingechukua sehemu tu ya maganda na kurudisha majivu ya sehemu hiyo. Ndiyo maana nang'ang'ania yasichanganywe na ya makaa, maana hapo hata malipo nusu hayawezekani.

DerevaRwenzori (Kasese)

Mimi nimebeba hayo maganda kupeleka kwenye tanuri la saruji. Kiwanda cha Hima hapa kwetu kimechoma maganda ya kahawa kwa miaka mingi, si siri. Fundi, mbona hujataja saruji? Kule yanachomwa na mafuta mengine na sijasikia mambo ya ukoko kwenye mabomba.

Halafu niwaambie wanaopiga hesabu kwa tani: ganda ni jepesi mno. Lori linajaa hadi juu, unafunga turubai, unaonekana umebeba mlima, ukifika kwenye mizani ni aibu. Mvua ikikunyeshea njiani ndiyo linaongezeka uzito, na hapo mpokeaji anakukataza kushusha kwa sababu ni maji. Dizeli unanunua ile ile.

FundiMvuke (Jinja)

Ndugu dereva, nilikuwa naiweka saruji kwa baadaye, umeniharakisha vizuri.

Tanuri la saruji ni kitu kingine kabisa. Halina mabomba ya maji katikati ya moto. Ni pipa refu la chuma lililojengewa matofali ndani, linazunguka polepole, mawe yanapikwa humo hadi nyuzi 1,450 hivi mpaka yanakuwa klinka, madonge yanayosagwa kuwa saruji. Majivu ya chochote unachochoma yanaingia kwenye klinka yenyewe. Hakuna cha kutupa. Silika ya pumba za mpunga, ambayo kwenye boila inakwangua chuma kama msasa, kule ni malighafi. Ndiyo maana nasema kama kuna mahali Uganda ambapo kuchoma makaa ya mawe pamoja na mimea kuna mantiki leo, ni kwenye saruji, si kwenye boila za mvuke. Makaa yalikuwepo tayari kule, na kila tani ya maganda inapunguza ya kuagizwa.

Isiwe bila kikomo. Klorini na potasiamu huzunguka ndani ya tanuri la saruji: zinapaa kwenye joto, zinaganda kwenye minara ya kupashia unga, na zikizidi minara inaziba. Na hoja ya mama wa Masaka iko palepale, maana potasiamu iliyofungwa kwenye klinka haitarudi shambani kamwe. Mimi ningependa saruji ichukue zaidi pumba za mpunga za Butaleja na Bugiri. Majivu yake ni karibu moja ya tano ya uzito na karibu yote ni silika, shamba haliyahitaji sana. Ganda la kahawa libaki karibu na kahawa.

Kuhusu uzito, nipige hesabu kwa wanaopenda namba. Kilo ya makaa ya mawe mazuri inatoa megajuli 25 hivi, ya maganda makavu 15 au 16. Kuondoa tani 1 ya makaa unahitaji karibu tani 1.7 za maganda. Tani hiyo ya makaa inakaa kwenye mita za ujazo moja na robo. Maganda yake yanajaza zaidi ya mita za ujazo 8. Ghala, mkanda, mdomo wa boila, lori, vyote vilipimwa kwa ajili ya makaa. Meneja anayenunua maganda kwa bei ya tani na kusahau ukubwa wake ataona kwamba boila inakula haraka kuliko watu wanavyoweza kulisha.

MwanaGulu

Nimesoma hadi hapa na bado sijaona mtu ametaja miti. Hiyo ndiyo hofu yangu. Leo mnasema maganda, pumba, makapi ya miwa. Boila hailali usiku. Msimu wa kahawa ukipita, ghala likiwa tupu, kinachofuata ni nini? Ni gogo. Sisi kaskazini tumeona. Mishea yetu, miti ambayo bibi zetu walikamua mafuta yake, na ile ya beyo, yenye mbao ngumu, imekatwa na kugeuzwa makaa ya miti ya kupikia mijini mpaka mwaka 2023 Rais akatoa amri ya kusimamisha uchomaji wa makaa hayo ya biashara huku kwetu. Malori bado yanapita. Sasa mkiongeza viwanda vinavyotafuta "mimea" ya kuchoma, kwa jina zuri la nishati safi, mtakuwa mmefungua mlango mwingine.

Ulaya wenyewe wameshaonyesha. Kile kituo kikubwa cha umeme cha Drax, Uingereza, kilianza kwa kuchanganya kidogo na makaa. Leo boila zake nne zinakula peleti tupu, na peleti zinavuka bahari kutoka misitu ya Marekani na Kanada. Hakuna aliyesema siku ya kwanza kwamba mwisho wake ni huko.

Mwanafunzi_Kyambogo

Ndugu wa Gulu, heshima kwako, ila tutofautishe. Drax ni mtambo wa umeme wa maelfu ya megawati. Boila ya kiwanda cha sabuni haina njaa hiyo. Na mti ukipandwa upya unaivuta ile kaboni tena, makaa ya mawe hayapandwi. Zaidi ya asilimia 80 ya nishati yote tunayotumia Uganda ni kuni na makaa ya miti, hivyo hatuwezi kujifanya hatuchomi miti. Swali ni kuchoma vizuri. Boila nzuri ni bora mara nyingi kuliko mafiga matatu.

MwanaGulu

Mti ukipandwa. Neno hilo ndilo linabeba kila kitu. Mkalitusi unarudi kwa miaka 7 au 8, sawa. Mshea unaanza kuzaa vizuri baada ya miaka 15 au 20. Aliyeukata hatakuwepo kuhesabu.

FundiMvuke (Jinja)

Niwajibu nyote wawili, na sitasimama katikati.

Mwanafunzi, ni kweli makaa ya mawe hayapandwi. Lakini dohani haijui tofauti. Kwa kila yuniti ya mvuke, mti mbichi hutoa hewa ya kaboni nyingi zaidi kuliko makaa, kwa sababu moto unatumia joto lake kukausha maji kwanza. Kuni mbichi nusu yake ni maji. Deni hilo linalipwa pale tu mti mwingine unapokua, na kwa miaka yote ya katikati deni lipo angani. Ganda la kahawa ni tofauti kwa sababu lingeoza au kuchomwa ovyo ndani ya mwaka huo huo hata bila boila. Gogo lingesimama.

Kwa hiyo niko upande wa Gulu. Kiwanda kinachotaka kuchoma mimea kionyeshe kwanza kwamba mabaki yanatosha mwaka mzima, na kama hayatoshi kionyeshe shamba lake chenyewe la mikalitusi lenye umri tofauti tofauti, kama viwanda vya chai vinavyofanya kwa ajili ya boila zao za kukaushia majani. Kisichoweza kuonyesha kimoja kati ya hivyo viwili kitaishia kununua gogo kwa mtu asiyeulizwa alilitoa wapi.

India ni mfano ninaoupenda zaidi kuliko Uingereza. Kule Punjab na Haryana wakulima huchoma mabua ya mpunga mashambani na moshi unaifunika Delhi. Serikali ikatangaza Oktoba 2021 kwamba vituo vya makaa ya mawe vichanganye asilimia 5 ya peleti za mabaki ya mashamba, na kiwango kipande baadaye. Makaa yalikuwepo, mabua yalikuwepo, moshi ulikuwepo. Walichukua kitu kilichokuwa kinachomwa bure. Hapo kuchanganya kuna maana. Utekelezaji ulichelewa sana kwa sababu peleti zilikuwa chache kuliko amri, lakini fikra ilikuwa sawa.

AboodMagamaga

Naomba kuuliza kuhusu miwa, maana sisi tunaishi katikati yake. Nilikuwa nasikia kisiwani Morisi (Mauritius) wanachoma makapi ya miwa na makaa ya mawe kwenye boila hiyo hiyo, na visiwa vyote vinapata umeme. Kwa nini kiwanda cha sukari cha Kakira na wenzake wasifanye hivyo? Si wangetoa umeme zaidi?

FundiMvuke (Jinja)

Mzee Abood, swali la maana. Morisi ni kweli. Kituo cha Belle Vue tangu 2000 kinachoma makapi wakati wa mavuno na makaa ya mawe wakati miwa haijakomaa. Ni boila moja, lakini kwa sehemu kubwa vinapokezana kwa msimu kuliko kuchanganyika. Wanahitaji hivyo kwa sababu mavuno yao ni ya nusu mwaka tu, na kisiwa hakina mto wa kuwapa umeme nusu iliyobaki. Jirani yao Réunion walifanya vivyo hivyo miaka mingi, na sasa wameyaacha makaa na kuleta peleti kutoka nje.

Sisi Busoga tuko karibu na ikweta, mvua mbili, miwa inasagwa karibu mwaka mzima. Kakira wana mtambo wa megawati 50 hivi, wanatumia wenyewe na nyingine wanaiuzia gridi. Makapi yanatoka kwenye kinu cha miwa hatua chache kutoka kwenye boila, bila lori. Ukileta makaa ya mawe pale unaleta kitu cha gharama kuziba pengo ambalo halipo. Kama wanataka umeme zaidi, faida iko kwenye maji: makapi yanatoka kinuni yakiwa nusu maji. Ukiyakausha kwa moshi wa dohani kabla ya kuyachoma, joto lile lile lililokuwa linapotea linakurudia. Na majivu yao, kwa kuwa ni ya miwa tupu, yanarudi kwenye mashamba ya miwa.

ZamuYaUsiku

Mzee fundi, mimi ni kijana wa boila, sitataja kiwanda. Meneja ameshaamua. Boila yetu ni ya chanja, mvuke wa shinikizo la ba 10, makaa ya mawe. Wiki ijayo yanaletwa maganda. Ameniambia nichanganye "nusu kwa nusu" kwa koleo. Sina uwezo wa kukataa. Niambie nifanye nini nisiumie na boila isiumie.

FundiMvuke (Jinja)

Kijana wangu, nisikilize kwa makini.

La kwanza mwulize, nusu ya nini? Nusu ya koleo, ya uzito au ya joto? Koleo la maganda lina joto dogo sana mbele ya koleo la makaa. Kubalianeni kwa joto, na anzeni kidogo, asilimia 5 au 10, mkae hapo mpaka mmeona boila inavyojibu. Pima joto la moshi kwenye dohani kila zamu na uliandike. Likipanda siku hadi siku huku mvuke ni ule ule, ukoko umeanza. Usingoje shinikizo lishuke.

Habari njema: mvuke wako wa ba 10 una nyuzi 184 tu na huna supahita ya moto mkali. Klorini haitakula chuma chako haraka kama kwenye vituo vya umeme. Tatizo lako litakuwa uchafu wa mabomba na hewa. Ganda linatoa gesi nyingi mara moja likigusa joto, sehemu kubwa ya uzito wake inawaka juu ya chanja, si kwenye chanja. Boila ya makaa inapuliza hewa nyingi kutoka chini. Mkibaki hivyo mtapata moshi mweusi na cheche zinazoruka hadi dohani. Hewa ya juu iongezwe, ya chini ipunguzwe. Mwombe meneja fundi wa kurekebisha feni kabla maganda hayajafika. Na usimwage rundo kwa mara moja. Rundo linazima, linatoa gesi, kisha gesi inalipuka usoni kwa aliyefungua mlango.

Ghala ndipo watu wanapofia, na nakuomba hili ulichukue kwa uzito. Maganda yenye unyevu yakirundikwa yanajipasha moto yenyewe ndani. Yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu. Mtu anaingia kuyachokoa, anaketi, haamki. Ghala liwe na hewa pande mbili, rundo lisiwe refu, la zamani litoke kwanza, na asiingie mtu peke yake. Vumbi lake nalo hulipuka likipata cheche. Tilbury kule Uingereza, kituo kikubwa cha umeme chenye vifaa vyote na wazimamoto karibu, kilishika moto Februari 2012 kwenye mapipa ya peleti. Kama waliponzwa wao, sisi tusifanye mzaha na karai la moto karibu na magunia.

Usichanganye ndani ya ghala la makaa pia. Weka mbali, changanya mlangoni.

ZamuYaUsiku

Nimeelewa mzee. Nimeyaandika yote kwenye daftari la zamu ili na wenzangu wasome. La mwisho: majivu. Sasa hivi ya makaa yanamwagwa nyuma ya ukuta, kuna akina mama wanakuja kuchota kuweka kwenye bustani za dodo na sukuma. Nikianza maganda yatachanganyika.

BibiWaMatoke (Masaka)

Mwanangu, waambie hao akina mama waache leo. Usingoje maganda.

FundiMvuke (Jinja)

Waache leo, kama mama alivyosema. Hayo ya makaa ya mawe tayari si ya kuwekwa kwenye mboga.

Halafu fanya hivi. Ukiwa na siku ambayo boila imezimwa na kusafishwa, mwombe meneja muichome kwa maganda matupu zamu moja, kwa mzigo mdogo wa mvuke. Chukua majivu ya zamu hiyo kutoka sehemu kadhaa, chini ya chanja na kwenye chujio la vumbi, kila sehemu kwenye mfuko wake. Chukua pia ya siku ya mchanganyiko. Maabara ya udongo ya Kawanda watakupimia potasiamu na chokaa. Kwa arseniki, risasi na kromi nenda maabara ya serikali Wandegeya. Weka karatasi mbili mezani kwa meneja, ya maganda matupu na ya mchanganyiko, na umwambie moja anaweza kuirudishia vinu vya Masaka kwa makubaliano na nyingine atailipia dampo linaloruhusiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Boila ya pili, ndogo, ya maganda peke yake, mvuke wake ukiunganishwa kwenye bomba lenu kubwa, itaonekana rahisi zaidi akishaziona karatasi hizo. Nikipata nafasi nitakuchorea muunganiko wa valvu na kuuweka hapa hapa kwenye uzi.

DerevaRwenzori (Kasese)

Kama makubaliano na vinu yatapatikana, mzigo wa majivu ya kurudi nitaubeba kwa nusu bei. Lori linarudi Masaka tupu kila mara.